Limau Moja, Sufuria Tatu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara nyingi, na kila nikiusoma nacheka kwanza ndipo nakuhurumia. "Dada, maharage yamekataa kuiva. Yako motoni tangu saa kumi. Watoto wamekula mkate mtupu wamelala." Halafu zikafuata picha tatu: maharage yanayoogelea kwenye nyanya, sufuria ya shira iliyorudi kuwa sukari chengachenga, na birika ambalo ndani limeota magamba meupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Chini yake ukaandika: "Niandikie mapishi yako yote. Ya chakula, ya pipi za watoto, na ya vitu vya kusafishia nyumba. Nimechoka kununua."

Daftari zima sikuandikii. Najua litaishia juu ya kabati. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wanaoniuliza maswali kama yako ni wengi, na kwa sababu picha zako tatu, ukizitazama vizuri, zinahusu kitu kimoja tu: uchachu. Kwenye maharage umeuweka mapema mno, kwenye shira umeusahau, na birika linausubiri.

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyolaza watoto bila chakula. Kosa lako ni kuyaunga kabla hayajaiva. Nyanya ina asidi, na asidi huzuia ile gundi ya asili inayoshikilia punje ya harage, iitwayo pektini, isilegee. Ukishatia nyanya, limau au siki kwenye maharage mabichi, unaweza kuchochea kuni mpaka alfajiri na bado yatagonga meno. Kwa hiyo chemsha kwanza kwa maji matupu, bonyeza harage moja kati ya vidole viwili, likipondeka bila ubishi ndipo ukaange kitunguu na nyanya uunge.

Jioni ya leo, ya kupika kesho, fanya hivi. Chukua nusu kilo, chagua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Tia chumvi kwenye maji hayo ya kulowekea, kama kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita. Najua tumekuzwa tukiambiwa chumvi hukomaza maharage. Mimi nami niliamini hivyo mpaka nilipojaribu sufuria mbili kwa pamoja, na yaliyolowekwa kwa chumvi ndiyo yaliyotoka na ganda laini. Chumvi hufukuza madini ya kalisi kwenye ganda, na kalisi ndiyo inayolifanya ganda kuwa gumu. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Kama maji yako ni yale mazito ya chumvichumvi, au maharage yamekaa ghalani muda mrefu, tia robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Soda ni kinyume cha limau, yenyewe hulegeza. Lakini robo iwe robo. Ukizidisha utakula uji wenye ladha ya sabuni.

Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiishi kwa moto wa taratibu. Lazima yachemke kwa nguvu, mapovu juu, dakika 10 kamili au zaidi, ndipo upunguze moto. Moto mdogo tangu mwanzo unaweza hata kuiongeza nguvu hiyo sumu, na punje chache tu ambazo hazijaiva zinatosha kumtapisha mtu usiku kucha. Hapa sitanii.

Wali wa kusindikiza unaujua, kwa hiyo nakuachia neno moja la kiporo: usiuache juu ya meza mpaka asubuhi. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali uliokaa vuguvugu ndio shamba lao. Kuupasha moto tena hakuiondoi sumu waliyokwisha kuitoa. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uuweke kwenye friji.

Sasa shira. Uliniambia ulifuata maelekezo yote, ukakoroga bila kupumzika, na bado ikaganda chenga. Mdogo wangu, uliiharibu kwa bidii. Shira haitaki kukorogwa. Sukari ikishayeyuka, kila punje yake inatafuta wenzake ijipange nao upya, na mwiko wako unawakutanisha. Punje moja tu ikianguka kutoka ukingoni mwa sufuria inatosha kuwaita wengine wote.

Hapo ndipo limau linapoingia. Sukari ya kawaida ni sukari mbili zilizoshikana mikono, glukosi na fruktosi. Moto na asidi huzitenganisha baadhi yake, na hizo zilizotengana hujipenyeza katikati ya safu za wengine, safu haijipangi tena. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau kwa vikombe viwili vya sukari kinatosha, na hata ladha yake hutaisikia.

Karanga za shira ndizo ningekuanzishia, kwa kuwa watoto huzipenda na hazihitaji kifaa chochote. Vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji, hicho kijiko cha limau. Koroga moto ukiwa mdogo mpaka sukari iyeyuke, halafu weka mwiko chini na uuache huko. Chovya brashi safi kwenye maji upanguse kingo za ndani za sufuria, zile punje zilizorukia juu zirudi chini zikayeyuke. Pandisha moto. Mapovu yatakuwa mengi na madogo, kisha yataanza kuwa makubwa, mazito, yanayopasuka kivivu. Weka bakuli la maji baridi pembeni na udondoshee tone la shira kila baada ya muda. Mwanzoni linatawanyika. Baadaye linakuwa kidonge laini unachoweza kukiviringisha. Kisha kidonge kigumu. Unachotaka ni lile tone linalogeuka kijiti na kukatika "ta!" ukilikunja. Wenye kipimajoto wanaiita nyuzi 150 hivi za selisiasi. Rangi wakati huo inakaribia ya asali.

Hapo tia vikombe viwili vya karanga zilizokwisha kukaangwa na kumenywa, kijiko kikubwa cha siagi, chumvi kidogo, ukoroge haraka. Ipua, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Ghafla mchanganyiko wote unafura, unapauka, unapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika. Soda imekutana na uchachu, imetoa hewa, na ile hewa inabaki humo ndani kama vitundu vidogo. Ndiyo maana karanga zako zitavunjika kirahisi badala ya kumng'oa mtoto jino. Mwaga upesi kwenye sinia iliyopakwa mafuta, sambaza, acha ipoe, vunja vipande. Watoto wakae mbali mpaka ipoe. Shira ni moto kupita maji yanayochemka kwa mbali sana, tena hung'ang'ania ngozi.

Na ile sufuria yenye chenga usiitupe. Ongeza maji kidogo na limau, yeyusha upya, anza tena. Hata iliyogandia kabisa haihitaji kukwanguliwa, ijaze maji uichemshe, sukari yote itayeyuka yenyewe.

Nimekuonyesha soda ikikutana na uchachu kwa sababu unapaswa kujua mahali ambapo mkutano huo una faida na mahali ambapo ni maigizo. Kwenye pankeki una faida. Tia kijiko kikubwa cha maji ya limau kwenye kikombe cha maziwa, subiri dakika 5 mpaka yakatike, changanya na yai, vijiko viwili vya mafuta, kikombe cha unga, sukari na chumvi kidogo, na nusu kijiko cha chai cha soda. Pika palepale, usiende kuoga kwanza, maana hewa ikishatoka haikusubiri. Ukitia soda bila kitu chachu, pankeki zitakuwa za manjano na chungu. Bekingi poda ni mambo mengine, yenyewe ina soda na asidi kavu ndani ya kopo moja, kwa hiyo inaridhika na maji tu.

Kwenye ndoo ya usafi, mkutano huohuo ni maigizo. Umeona zile video: mtu anamwaga soda, anamimina siki, mapovu yanapanda, kila mtu anashangilia. Mapovu yakiisha, siki imeua soda na soda imeua siki. Kinachobaki ni maji yenye chumvi fulani hafifu isiyosafisha chochote cha maana. Tena ukiyafungia kwenye chupa ili uyahifadhi, chupa itapasuka. Tumia kimoja kimoja, kila kimoja kwa uchafu wake.

Uchafu wa chokaa, ule mweupe wa kwenye birika, bomba na kichwa cha bafu, dawa yake ni uchachu. Mafuta na vitu vilivyoungulia, dawa yake ni soda. Sufuria yako ya chuma cha pua iliyokamata ukoko mweusi, itie maji yaufunike huo ukoko, vijiko viwili vikubwa vya soda, chemsha dakika 10, iache ipoe humohumo. Ukoko utabanduka kama ngozi ya nyoka. Lakini sufuria ya alumini usiitie soda, itakuwa nyeusi. Hiyo ichemshie maganda ya limau, itang'aa. Kwa kuta za jiko zenye mafuta, lowesha soda kwa maji kidogo, sehemu tatu za soda kwa moja ya maji, paka, acha, sugua, futa. Vioo vinataka siki sehemu moja na maji sehemu nne, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Marumaru halisi usiiguse kwa siki wala limau. Nayo ni chokaa, itaungua madoa yasiyotoka.

Vitu hivi vinaondoa uchafu. Usivitegemee kuua vijidudu. Mtoto akiwa na tumbo la kuhara, au ukikatia kuku mbichi kwenye ubao, osha kwa sabuni kisha tumia dawa ya klorini, ikiwa imepunguzwa kama lebo inavyosema, na ukiisha kuipunguza imalize siku hiyohiyo.

Na sasa aibu yangu, ambayo hata mama hajawahi kuisikia. Mwaka ule nilipohamia chumba changu cha kwanza, nilikuwa nimemwaga klorini chooni, nikaiacha ifanye kazi. Kisha nikaona ukoga wa manjano ukingoni, nikasema hapa siki itasaidia. Nikamimina. Mapovu hayakuwa mengi hata. Ila kuna harufu ilinipiga kooni, macho yakaanza kutoka machozi, nikakohoa nikiutafuta mlango wa bafu nililokuwa nimelifunga mwenyewe. Nilikaa nje nusu saa nikihema. Klorini ikikutana na asidi yoyote, iwe siki au limau, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyofunguliwa dhidi ya askari karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Nami niliitengeneza kwa vitu vya rafuni. Dawa zenye amonia nazo usizikaribishe na klorini. Klorini inachanganywa na maji, basi. Na usiiweke kwenye chupa ya soda ya kunywa hata kwa dakika moja, una watoto.

Sasa birika. Limau likiisha kukamuliwa, kiasi chake cha asidi hakipishani sana na siki ya mezani, kwa hiyo tumia ulichonacho. Jaza maji nusu na siki nusu mpaka yafunike magamba, chemsha, zima, acha nusu saa. Utasikia kama linanong'ona: ni magamba yanayoyeyuka na kutoa hewa. Mwaga, suuza mara mbili. Lianze kesho asubuhi mapema, kabla mkeo hajaamka. Na kabla hujamtengea chai, chemsha kwanza maji matupu uyamwage, la sivyo kikombe chake kitanuka achari.

Wako,
Dada