Kaseti imo ndani ya bahasha

Athumani, swahiba,

Salamu nyingi. Ningeanza kama tulivyofundishwa shuleni, "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ukitaka kujua yangu mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu", ila shemeji anaondoka alfajiri na treni ya umeme, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye shida.

Hiyo kaseti uliyoikuta humo ndani usiiweke kwenye redio yoyote. Hasa ile ya Mama Mdogo! Redio ya mama hapa Kimara imeshaitafuna mwanzoni mwa upande wa pili, nikaichomoa polepole kwa ncha ya kalamu huku jasho linanitoka. Ni ile ya salamu, Athumani. Ile aliyorekodi mzee siku tuliposomwa majina Redio Tanzania, wewe ukatajwa vizuri kabisa na mimi jina likakosewa, ukanicheka mwezi mzima. Tulidhani ilipotea tulipohama. Kumbe mama aliiweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na sindano.

Nimezunguka nayo Kariakoo. Kijana mmoja fundi simu aliigeuzageuza akaniuliza inachajiwa wapi. Mtu mzima mmoja alinielewa, lakini akasema niiache mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo ya Kariakoo unaijua. Ndipo nikamkumbuka yule fundi wenu wa Mji Mpya huko Moro aliyekuwa akitengeneza ampu za bendi. Nataka aihamishie kwenye flashi, basi. Asisafishe kelele. Mzee hakuwa na waya wa kuunganisha, aliweka kinasa mbele ya redio, kwa hiyo kuna jogoo wa jirani, kuna sufuria, na katikati ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe mzee anasikika akisema, "Nyamazeni nyie watoto!" Hapo ndipo penyewe. Hatuna sauti yake mahali pengine popote. Fundi akiniondolea hiyo kwa kudhani ananisaidia, nitapanda hilo treni nije kugombana naye.

Mama anasema bora ingerekodiwa Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah. Bado hajamsamehe mzee kwa kushabikia Morogoro Jazz ya Mbaraka. Salum Abdallah amefariki 1965, Mbaraka 1979, wenyewe wote ajali za barabarani, na ugomvi wao unaendelea jikoni kwetu.

Sasa kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani tangu niipate. Basi la Mwendokasi ni kimya. Mtu husongwa kuanzia Kimara Mwisho mpaka Kivukoni, bega kwa bega, na kila mmoja ana vitu masikioni. Hakuna anayejua jirani anasikiliza nini. Kabla ya 2016, daladala zilipokuwa bado zinapita Morogoro Road, suka, yaani dereva, ndiye aliyechagua muziki. Ukipanda DCM ya shabiki wa bendi ya Sikinde, unakula Sikinde mpaka Posta, na akikaa shabiki wa Msondo siti ya nyuma, konda anapata kazi ya kuamua ngumi. Mimi taarab sikuipenda hata siku moja. Nililazimishwa na foleni ya Ubungo mataa, kabla ya daraja la juu, umekaa hapo jua linawaka na mama mmoja anajua kila mstari. Mpaka tunavuka, na mimi najua mistari miwili.

Usiniambie nazeeka. Sitamani kurudi kule, wewe na mimi tuliachwa vituoni kwa sababu ya sare za shule na ile nauli yetu ndogo, makonda wakitusukuma kama hawana watoto. Mwendokasi unanifikisha mjini, isipokuwa mvua kubwa zikinyesha na Mto Msimbazi ukaamua kulala Jangwani. Ninachosema ni hiki: simu ni mtumishi mwenye adabu kupita kiasi. Nikisikiliza Mbaraka inaniletea Mbaraka, kisha Marijani, kisha Mbaraka. Haijawahi kuniletea kitu cha kunikera ambacho baadaye nikakipenda. Yale ya mzee kwenye kaseti, nusu ni nyimbo asizozitaka, alikuwa anasubiri ule wake na kitufe kimeshabonyezwa. Sisi tulizijua zote!

Halafu singeli. Unajua mwanangu wa pili anaipiga mpaka vikombe vinatetemeka. Nilipigana nayo kweli, nikamwambia hawa watoto wa Manzese wanachukua kipande cha taarab wanakikimbiza mpaka kinakata pumzi. Juzi nimepanda bodaboda kutoka Shekilango, jamaa ana spika chini ya usukani, hakuniuliza napenda nini. Kufika nyumbani nikajikuta naimba ule upuuzi huku nakata vitunguu. Mwanangu amenirekodi, anatishia kunitupia kwenye grupu la ukoo. Kwa hiyo labda suka hajafa, amehamia kwenye pikipiki tu. Sijui. Wewe unasemaje?

Na mengine nijibu kwa mpangilio, usiruke kama kawaida yako. Yule fundi yu hai? Bado ana kinasa kinachofanya kazi, na hedi anasafisha kwa spiriti au anapuliza tu kwa mdomo? Ile kadi ya salamu tuliandika mimi na wewe, au ni dada yako aliyetuandikia? Maana mama anaapa ni mwandiko wa dada. Huko Moro vijana wanamjua Mbaraka, au ni jina la hadithi za wazee? Nauli ya treni ni 13,000 na ni chini ya saa mbili, sasa kisingizio chako cha kutokuja Dar ni kipi? Na goti?

Shemeji anarudi Jumapili, mpe jibu hata la mdomo. Hela ya fundi nitakutumia kwa simu, usijifanye tajiri.

Ni mimi,
Yule waliyekosea jina