Mwanangu, usihame kwa hasira

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo wote. Mama yako kikohozi kimemwachia, na wadogo zako wamefunga shule. Ujumbe wako mrefu wa juzi nimeusoma, nikaurudia, nikaona simu haitatosha kuujibu. Wewe ukiwa na hasira unanikubalia kila kitu haraka haraka ili maongezi yaishe.

Unasema kocha amekupa kazi ya kukaba tu. Kwamba wewe uliyekuwa ukishangiliwa kwenye mpira wa kikapu pale Don Bosco Upanga kwa kufunga, leo hii Marekani unaambiwa simama kwenye kona, usidai mpira, mfuate mfungaji wa timu pinzani mpaka achoke. Unataka kuhama chuo msimu ukiisha. Sawa, wewe ni mtu mzima na uamuzi ni wako. Ila kabla hujasaini karatasi yoyote, nisikilize nikueleze habari za mtu ambaye wewe unamjua kwa bloku moja, ule mkono wa kuzuia mpira usifike kikapuni, lakini mimi nimemfuatilia tangu hujaanza shule: Nicolas Batum.

Huyu ni mtoto wa Normandy, Ufaransa, kalelewa katika mji mdogo wa Pont-l'Évêque. Mpira aliujifunza kwa mpangilio, ngazi kwa ngazi, hadi kituo cha vijana cha klabu ya Le Mans, na huko ndiko alikoanza kulipwa kwa kucheza. Juni 2008, akiwa na miaka 19, Houston, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walimchukua katika drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana, nafasi ya 25, na usiku huohuo haki zake zikahamishiwa Portland. Sasa sikiliza hapa. Portland kulikuwa na Brandon Roy na LaMarcus Aldridge, na mipira ya kufunga ilikuwa ya hao. Batum alipewa kazi ipi? Kukaba. Kila usiku anakabidhiwa mfungaji hatari wa upande wa pili, yeye mwenyewe anaishia na pointi tano na ushei kwa mechi. Na bado msimu wake wa kwanza alianza karibu kila mechi, wakati vijana wengi wa drafti ile, waliofunga kuliko yeye walikotoka, walikuwa wamekaa benchi na taulo shingoni.

Kocha anayekuambia ukabe amekupa mlango wa kuingia uwanjani, Idrisa. Mimi sioni tusi hapo.

Kufunga kulikuja baadaye, na hakukuja peke yake. Desemba 2012, dhidi ya New Orleans, Batum alifunga pointi 11, akatoa asisti 10, yaani pasi za kufungisha, akadaka ribaundi tano, yaani mipira iliyokosa kikapu, akaiba mipira mitano na kupiga bloku tano. Soma tena hizo namba polepole. Mimi nilikaa meza ya waandishi wa takwimu kabla sijachukua filimbi, na nakuambia karatasi ya namna hiyo mtu anaweza kustaafu hajawahi kuijaza. Mwenye pointi 30 wapo kila wiki. Anayegusa kila safu ya karatasi ni mtu ambaye usiku mzima hakuwahi kusimama akisubiri mpira umfikie.

Najua utaniuliza habari za Hasheem, kwa sababu kila Mtanzania anayeshika mpira wa kikapu huulizwa. Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa na Memphis mwaka 2009, nafasi ya pili. Ya pili! Nchi nzima tulitembea kifua mbele, na mimi mpaka leo namheshimu, kwa sababu alitoka hapahapa Dar bila kituo cha vijana wala kocha wa kulipwa nyuma yake, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Machi 2012 Houston walimpeleka Portland, kwa hiyo kwa majuma kadhaa yeye na Batum walivaa jezi moja. Kufikia 2014 safari ya Hasheem kule ikawa imekwisha, na Batum miaka kumi baadaye alikuwa bado yumo. Usinielewe vibaya, simpimi mtu na mwenzake. Hasheem alianza mpira akiwa kijana mkubwa, akatupwa kwenye maji marefu na mzigo wa namba mbili kichwani. Batum alikuwa na miaka ya kujifunza mambo madogo kabla watu hawajaanza kumhesabia. Hiyo miaka ndiyo unayopewa wewe sasa, na chuo kinakulipia chakula na malazi juu yake.

Halafu kuna Charlotte, timu aliyohamia Batum baada ya Portland, na hapa ndipo ninapotaka utulie.

Mwaka 2016 Charlotte walimpa mkataba wa miaka mitano, dola milioni 120. Kwa mkataba ule watu walitaka awe mfungaji wa kuibeba timu, kitu ambacho hakuwahi kuwa. Majeraha yakaja, kiwango kikashuka, mashabiki wakawa wanamkumbusha mshahara wake kila akikosa. Msimu wa 2019-20 alicheza mechi 22 tu, wastani wa pointi 3.6. Novemba 2020 wakamwachia aondoke, na wakakubali kuendelea kumlipa fedha zilizobaki bila yeye kuwachezea. Fikiria hilo, mwanangu. Waajiri wanakulipa ili usije kazini. Alikuwa anakaribia miaka 32, na wengi wetu tuliokuwa tukimfuatilia tulihesabu kwamba basi, atarudi Ufaransa kumalizia mpira.

Akasaini Clippers, timu ya Los Angeles, kwa mshahara wa chini kabisa wa ligi. Hakudai mpira. Alirudia kazi yake ya Portland: akabe, apige pointi tatu kutoka kwenye kona, atoe pasi mapema, asimame mahali sahihi mwenzake akipitwa. Msimu huohuo Clippers wakafika fainali ya kanda kwa mara ya kwanza katika historia yao. Safari iliishia siku ya mwisho ya Juni, na haikupita miezi miwili kabla hatujamwona tena, safari hii Japani kwenye Olimpiki, akiwa nahodha wa Ufaransa.

Tuliiangalia wote ile nusu fainali, tarehe 5 Agosti 2021, inakaribia saa kumi jioni ya huku. Ufaransa 90, Slovenia 89. Luka Dončić, nyota wa Slovenia, kazibwa, kampasia Klemen Prepelič, naye akaingia moja kwa moja kwenye kikapu, zimebaki sekunde chache tu. Wewe uliruka kwenye kochi. Mimi nilikuwa naangalia kama refa, kwa hiyo nikuambie nilichokiona. Nafasi kama ile, mlinzi mwenye pupa huruka mapema, mwili unagonga mwili, filimbi inalia, na mtu anakwenda kupiga mitupo huru ya ushindi. Batum alichelewa kuruka makusudi. Alisubiri mpira utoke mkononi, akaukuta bado unapanda, mkono kwenye mpira mtupu. Refa hakuwa na cha kupuliza. Ufaransa wakaenda fainali na kurudi na medali ya fedha.

Ni mtu yuleyule, nakukumbusha, ambaye mwaka 2012 kwenye Olimpiki ya London, robo fainali na Hispania ikiwa imeshaponyoka, alimpiga Juan Carlos Navarro ngumi chini ya tumbo kwa hasira za kufungwa. Dunia nzima ikaona. Kutoka ngumi ile hadi mkono ule wa Saitama, kule Japani, ni miaka tisa. Nakuandikia hili kwa sababu ulinieleza ulivyoitupa chupa ya maji ukutani baada ya kutolewa robo ya tatu, ukaniambia ndivyo ulivyo. Hapana. Ndivyo ulivyo sasa hivi, na unaweza kubadilika.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Maliza msimu hapohapo. Mfuate kocha ofisini kwake, si mbele ya wenzako, umwulize akutajie mambo mawili anayotaka ukabaji wako uwe nayo kufikia mwisho wa msimu, uyaandike. Ukiisha msimu na bado unataka kuhama, nitakuunga mkono, na mama yako nitaongea naye mwenyewe. Lakini hama ukiwa na kitu cha kumwonyesha kocha mwingine.

La mwisho, na hili halina mjadala. Baba yake Batum, Richard, alikuwa Mkameruni, naye mchezaji. Mwaka 1991 alianguka uwanjani katikati ya mechi akafariki, mtoto ana miaka miwili. Ndiyo maana 2008, kabla ya drafti, Nicolas alichunguzwa moyo huko Marekani hadi madaktari wakaridhika. Babu yako mzaa mama alifariki ghafla akiwa bado na nguvu zake, na wakati ule hakuna aliyepima chochote. Mweleze daktari wa timu habari hiyo kwa kinywa chako, usisubiri wakuulize. Waombe kipimo cha umeme wa moyo na kile cha picha. Majibu yakitoka, nipigie picha karatasi yenyewe unitumie. Usiniandikie tu kwamba uko poa.

Mama yako anakusalimia sana, na anauliza kama lile koti zito limekutosha.

Ni mimi baba yako.