Pangaboi ni mtu, Mhariri

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji kwa kawaida ni za bei ya unga na mashimo ya barabarani ila hili limenikaa moyoni tangu nirudi India.

Nilikuwa Kochi, jimbo la Kerala, nimempeleka mama kwenye matibabu ya moyo, wiki tatu nzima. Siku moja wakasema mgonjwa apumzike asionane na watu, basi nikapanda feri nikavuka kwenda mji mkongwe, wenyewe wanaita Fort Kochi. Pale ufukweni kuna zile nyavu za Kichina, na si nyavu tunazozijua sisi, ni magogo marefu yamefungwa kama winchi, nyuma yananing'inia mawe kwenye kamba, wanaume wanne watano wanavuta kwa pamoja wavu unapanda, ndani visamaki viwili vitatu. Nikajifanya kusaidia kuvuta, nikaombwa hela ya chai.

Hapo karibu lipo kanisa la Mtakatifu Fransisko. Wareno walianza na la miti mwaka 1503, baadaye wakajenga la mawe, Waholanzi walivyoteka mji 1663 wakaligeuza la Kiprotestanti, Mwingereza akaja 1795 nalo likaishia mikononi mwa Waanglikana, na leo ni la Kanisa la India Kusini. Mimi Mwanglikana nikajiona nimefika kwetu kabisa. Ndani kuna jiwe la kaburi la Vasco da Gama, huyuhuyu aliyepita Malindi 1498, alifia hapo Kochi mkesha wa Krismasi 1524. Kaburi lenyewe tupu maana mabaki yake yalihamishiwa Ureno zamani sana. Watalii wamejazana kupiga selfi na kaburi lisilo na mtu, na mimi nikapiga, sitadanganya.

Kilichonikamata mimi kiko juu. Darini yamening'inia mapazia marefu kwenye vijiti, yamepangwa juu ya viti vya waumini, na kamba zake zinatokea nje ya ukuta. Nikamuuliza mzee anayelinda kanisa, ni mapambo? Akacheka, akasema hizo ni punkah, feni za zamani kabla ya umeme, na huko nje kwenye jua alikuwa anakaa mtu anavuta kamba ibada nzima ili walio ndani wapate upepo. Waingereza walimwita punkah boy.

Pangaboi! Mhariri nilisimama pale mdomo wazi. Miaka yote hii nyumbani tunasema washa pangaboi, zima pangaboi, kumbe pangaboi alikuwa mtu. Anatoa jasho ili mahubiri yaende vizuri, na hayo mahubiri sidhani kama alikuwa anayasikia, labda sauti tu kwa mbali.

Mchana nikaenda Mattancherry, mtaa wa hapohapo Kochi, nikaona sinagogi la 1568 lenye vigae vya Kichina vya bluu sakafuni, pazuri sana, sitaeleza zaidi maana nilichokuwa nakitafuta ni habari ya msalaba. Mwaka 1653 Wakristo wa Mtakatifu Tomaso, wale ambao mapokeo yao yanasema mtume Tomaso aliwafikia mwaka 52 baada ya Kristo, walikusanyika hapo kuapa kwamba hawatakuwa tena chini ya Wajesuiti, wale mapadre wa shirika la Kikatoliki. Watu walikuwa wengi mno hawawezi wote kuugusa msalaba, kwa hiyo wakafunga kamba kwenye msalaba na waliokuwa mbali wakashika kamba, ikahesabika wote wamegusa. Nikakaa kwenye kibaraza nikanywa chai nikiziwaza kamba mbili za mji mmoja, hii inamuingiza aliye nje mpaka kwenye kiapo, ile nyingine inapita ukutani na kinachopita nayo ni upepo tu, tena kwa ajili ya walio ndani.

Sasa kwetu. Mimi ni mzee wa kanisa, ibada ya pili. Tuna mlinzi wetu, kabatizwa, kapata kipaimara, mwaka wa sita huu Jumapili zote yuko getini anaangalia magari yetu. Zaburi ya 84 tunaisoma kwa mbwembwe, kwamba afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu, na bawabu mwenyewe yuko nje anasikia spika. Hajawahi kupokea meza ya Bwana pamoja nasi na mimi sikuwahi hata kujiuliza, mpaka niende kuangalia mapazia ya watu India.

Niliporudi nikamwambia Jumapili ijayo uingie ndani. Akaniuliza, "Na magari, mzee, nani atayaangalia?" Nikamwambia nitakaa mimi. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, alafu akasema basi nije mapema anifundishe geti maana komeo lake linasumbua.

Mchungaji bado sijamwambia, akisoma hapa ndo ajue.

Msomaji wako,
Tanga