Swahiba, kadi nimerudisha

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, nami mzima isipokuwa goti, na goti si habari. Najua miezi imepita sijakuandikia. Ujumbe wako wa juzi ulikuwa na maneno matatu tu, "Kweli umerudisha kadi?", na nimeshindwa kuujibu kwa maneno matatu.

Kweli. Mwenyekiti mpya wa chama aliipokea huku macho yake yako kwenye simu, akaitupia juu ya rundo la nyingine. Miaka 19, hata "kulikoni" hakuuliza.

Usidhani nimechukia itikadi ya kundi lake. Nusu ya wanayoyasema leo niliyasema mimi wakiwa bado shule. Kilichonichosha ni kupimwa. Kila kikao nani safi, nani laini, nani kaonekana akicheka na mtu wa kambi ile. Mara ya mwisho tulikaa saa nzima tukibishana tuandike "mageuzi" au "mapinduzi". Wale vijana sita aliowaleta Mwalimu, wana maswali yao wameyaandika kabisa kwenye karatasi, zamu yao haikufika. Hawakurudi tena.

Ule usiku wa azimio unaukumbuka? Wewe na Kinyonga mliondoka saa tatu. Sikulaumu, mlikuwa na kazi asubuhi. Wao hawakuondoka. Mbinu yao yote ndiyo hiyo, wala hakuna uchawi: taarifa, hoja ya utaratibu, taarifa juu ya taarifa, mpaka wenye watoto na wenye zamu ya alfajiri wakate tamaa. Saa tano na robo ndipo karatasi ikatolewa mfukoni. Tulikuwa tumebaki 13 kati ya 38. Nitalirudia hili.

Mtu asiye na vikao ana usiku mrefu, kwa hiyo siku hizi nasoma. Unajua Wabolsheviki, wale wanamapinduzi wa Lenin kule Urusi, walilipataje jina lao? Mwaka 1903, katika mkutano wa chama ulioanzia Brussels ukamalizikia London, Lenin alishindwa na mwenzake Martov kwenye kura ya nani ahesabiwe mwanachama, 28 kwa 22. Baadaye wajumbe 7 wakasusa wakatoka nje, 5 kati yao wa Bund, chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi. Hesabu ikageuka, na kundi la Lenin likaanza kujiita "walio wengi". Jina zima limetokana na viti vitupu! Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza.

Tena wengi hawahitajiki. Mwaka 2014 Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, aliangushwa huko Virginia kwenye uteuzi wa chama chake mwenyewe. Waliopiga kura ni kama 65,000, katika jimbo la uchaguzi lenye watu laki saba na ushei. Waliobaki walikuwa wapi? Walikuwa kama wewe na Kinyonga, bila shaka. (Utani huo. Nusu.)

Uliwahi kunigusia tuanzishe chama chetu. Ndugu yangu, hapo sikufuati. Vigogo wanne wa Labour, chama cha wafanyakazi cha Uingereza, Jenkins, Williams, Owen na Rodgers, walichoka kama sisi wakaanzisha chama chao, SDP, mwaka 1981. Uchaguzi wa 1983 wao na washirika wao Waliberali walipata robo ya kura zote, wakaambulia viti 23 kati ya 650. Labour iliwazidi kwa asilimia mbili na kitu tu, ikapata 209. Na lile kundi la Militant, la mrengo mkali wa kushoto, lililojichimbia ndani ya Labour, hasa Liverpool, waliokuja kulibana ni walewale waliobaki. Kinnock, kiongozi wao wakati huo, alilisema waziwazi mbele ya mkutano mkuu kule Bournemouth mwaka 1985, wengine wanashangilia, wengine wanazomea, wengine wanatoka ukumbini.

Waliobaki. Nikifika hapo nafunga kitabu.

Kwa sababu mimi nilibaki, swahiba. Usiku ule katibu nilikuwa nani? Akidi ilikuwa imekufa kitambo, na aliyepaswa kusema hivyo ni mimi. Nilikuwa nimechoka, goti linauma, nataka kulala. Nikaandika: "Azimio limepitishwa kwa kauli moja." Wawili walikuwa wamenyoosha mikono kupinga, Mwalimu na yule mama wa kiti cha nyuma. Niliwaona. Mwalimu naye aliniona nikiandika, hakusema neno. Tangu siku hiyo akinipigia simu huwa naiacha iite mpaka ikatike.

Watu wananiita mwenye msimamo kwa kurudisha kadi. Hiyo ndiyo inanikera zaidi ya matusi ya wale wa kambi. Daftari la mihtasari bado liko kwangu, kwenye droo, na mwenyekiti hajalikumbuka kulidai.

Basi nijibu. Ungekuwa wewe ungelirudisha kimya kimya? Au ungeandika masahihisho pembeni, tarehe na sahihi, ndipo ulipeleke? Mtu aliyekwisha rudisha kadi ana haki hiyo kweli? Kadi yako bado unayo? Ukienda kikao kijacho, utakaa mpaka saa ngapi? Na Mwalimu, umemwona? Aliniulizia?

Wako,
Katibu mstaafu