Mpira wa tope ukifungwa ovyo hula rangi ya gari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie wenye magari ya kempa, yaani yale magari marefu yenye kitanda na jiko ndani, pamoja na mafundi wanaoyahudumia. Nataka kuzungumzia ile mipira inayoning'inia nyuma ya magurudumu ili kuzuia tope na kokoto. Wengi wetu huiona kuwa pambo tu, au huikumbuka siku rangi ilipokwisha kubanduka, na hata anayeifunga mapema mara nyingi hufungiwa vibaya.

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Ukijumlisha praima, rangi yenyewe na vanishi ya juu, unene wote kwa kawaida hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Kokoto iliyonaswa na kashata za tairi la mbele hurushwa nyuma kwa nguvu, ikagonga chini ya mlango na ubavu ulio mbele ya tairi la nyuma, na gari la kempa lina ubavu mrefu wa kupigwa. Alama inayobaki huwa ndogo kama punje ya mtama, lakini maji hupenya hapo na kutu hutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima, hadi siku moja unakuta rangi imevimba.

Kwa hiyo mipira ni ya lazima, nami sina shaka juu ya hilo. Kilichonifanya niandike ni yaliyonipata baada ya kuifunga. Fundi alinifungia mipira minne ya plastiki ngumu, na msimu mmoja wa mvua ulipopita niliifungua ili niioshe. Nyuma yake nilikuta tope limeganda kama saruji, na pale ukingo wa plastiki ulipokuwa ukitikisika palikuwa na mstari wa bati tupu, urefu wa kidole, uliong'aa kana kwamba umepigwa msasa. Ndivyo ilivyokuwa hasa, kwa sababu mchanga ulioingia kati ya mpira na bodi ulikuwa ukisugua rangi kila gari lilipotembea. Matundu mawili ya skrubu, yaliyotobolewa bila kupakwa chochote, yalikuwa yameanza kutoa kutu. Iliniuma sana, kwani kinga niliyoilipia ndiyo iliyokuwa ikiharibu nilichotaka kukilinda.

Haya yote yangeepukika kwa kazi ya muda mfupi. Bodi ioshwe na kukaushwa vizuri kabla ya kufunga, kisha ibandikwe utando mwangavu wa kulinda rangi kila mahali ambapo ukingo wa mpira utagusa. Matundu yaliyokwishatobolewa kiwandani yatumike kwanza. Ikibidi kutoboa jipya, fundi achungulie upande wa pili asije akatoboa bomba la breki au waya, na kingo za bati lililo wazi zipakwe rangi ya kuzuia kutu na kuachwa zikauke kabla ya skrubu kuingia. Baada ya hapo mwenye gari aifungue mipira mara kwa mara na kuosha upande wake wa nyuma, maana tope lililokaa hapo hushika unyevu hata siku za jua.

Vipimo navyo vichukuliwe gari likiwa na mzigo wake wa safari. Tangi la maji la lita 100 likijaa huongeza kilo 100, na bado hujapakia mitungi ya gesi, vyombo na watu. Springi zikishuka, mpira ulioonekana mfupi gereji huburuta chini. Ukirudi nyuma ukaukanyaga kwa tairi au ukaubana kwenye jiwe, unaweza kung'oka pamoja na kipande cha madigadi. Usukani ukatwe hadi mwisho, kulia na kushoto, kuhakikisha tairi haligusi mpira, na upana wa mpira ufunike tairi lote, hasa kwa waliobadilisha na kuweka matairi mapana.

Nawaomba wauzaji wa magari haya wayakabidhi yakiwa yamefungwa mipira kwenye magurudumu yote manne, na mafundi wamwonyeshe mwenye gari upande wa nyuma wa kazi yao kabla ya skrubu ya mwisho kukazwa.

Msomaji wako,
Mwenye gari la kempa