Barua ya wazi kwa familia za wamisionari: karatasi za shule kabla ya safari

Wanangu mnaojiandaa kwenda ng'ambo kwa kazi ya injili, Bwana asifiwe.

Viza mnaihangaikia miezi na miezi, mizigo mnaipima kilo kwa kilo, lakini ikija habari ya shule mnasema "tutaona tukifika". Hapo ndipo wengi wanapokwama. Karani wa shule ya ugenini hana uwezo wa kurekebisha karatasi iliyotolewa na ofisi ya kwenu.

Anzeni na majina. Wekeni cheti cha kuzaliwa kando ya pasipoti, mkague herufi kwa herufi. Cheti kikiwa na majina matatu na pasipoti mawili, au Yohana wa cheti akiwa John kwenye ripoti ya shule, kwa karani hao ni watoto wawili. Nendeni kwa msajili. Muda ukiwa mfupi, pateni hati ya kiapo inayosema ni mtu mmoja. Msisingizie Shetani jambo ambalo msajili angelimaliza.

Majina yakikaa sawa, ndipo mtafute mihuri. Apostili, yaani cheti cha uthibitisho kinachoambatishwa kwenye hati ili itambulike nchi nyingine, huthibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotoa hati. Kosa lililoandikwa ndani hubaki palepale. Apostili hutumika pale nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961. China, kwa mfano, mkataba huo ulianza kutumika kwake Novemba 2023, kwa hiyo msifuate kibubusa maelekezo ya waliotangulia zamani. Nchi mojawapo ikiwa haimo, hati hupita wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa nchi mnayokwenda. Tafsiri ije mwisho, ili muhuri nao utafsiriwe. Ulizeni kwanza kama huko wanakubali mtafsiri yeyote au yule aliyeapishwa kwao tu, msije mkalipa mara mbili.

Kadi ya chanjo ina mtego wake. 03/04 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili, kwa mwingine ni Machi 4. Mwombeni mhudumu wa kliniki aandike mwezi kwa maneno, agonge muhuri, na dozi zote mbili za surua zionekane.

Barua ya uhamisho itaje darasa alilomaliza mtoto na tarehe. Mwaka wa shule unaoanza Januari haulingani na ule wa Septemba: anayemaliza darasa Desemba atakuta wenzake wako katikati ya mwaka. Shule nyingi zitampanga kwa umri, na tarehe ya ukomo wa kuhesabia umri huo hutofautiana. Mkiona amerudishwa nyuma, pelekeni ripoti na mihtasari ya masomo, muombe apimwe.

Kumfundishia mtoto nyumbani kusiwe mpango wa akiba kabla hamjasoma sheria. Ujerumani, kwa mfano, inamtaka mtoto ahudhurie shule.

Na ofisini msimtumie mtoto kama mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Anabeba aibu isiyomhusu. Tafuteni mtu mzima. Asiwe muumini mwenye cheo anayepiga simu ili mpite mlango wa nyuma, kwani akihamishwa, faili lenu litaanza kuulizwa maswali. Mkikabidhi hati, toeni nakala, msiache za asili, na mdai risiti yenye tarehe. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Bila hiyo hamna cha kukatia rufaa.