Mwanangu, dhahabu ya Mto Zigi iache

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, ila hili la dhahabu nimelisikia kwa dada yako, si kwako. Anasema mmekubaliana vijana kadhaa kwamba masika yakiisha mtapanda huku Amani, mkachimbe kwenye vijito vinavyoingia Mto Zigi. Kwenye simu huniachi nimalize, ndiyo maana naandika.

Usiende, baba.

Milima yetu si mirefu. Hapa Amani tuko kama mita 900 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini upepo wa Bahari ya Hindi ukishavuka tambarare za Muheza unakutana na Usambara Mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati ng'ambo, bonde la Lwengera, ni pakavu zaidi. Juzi nilikuwa nachuma iliki chini ya mti wa mhesi, majani yaliyooza yananifika kifundoni. Nikafukua kwa kidole: juu pakavu, chini panalowesha mkono. Hapo ndipo maji ya kijito chetu yanapotoka, kidogo kidogo, hata kiangazi.

Sasa mkiufukua udongo huo kwa sururu, nini kitaishika mvua? Umeona kijiji cha Sakale kilivyokuwa walipoingia wachimbaji miaka ya 2000 mwanzoni, maji yakachafuka. Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na ya Mabayani ndiyo yanayotoka bombani kwako Tanga. Wewe ni fundi bomba, tena mzuri, wanakuita hadi Pongwe na mimi nalisema hilo kwa kila mtu. Utawafungia watu bomba mchana, halafu uwachenjulie dhahabu kwa zebaki kwenye maji hayohayo?

Usiniambie shimo lenu litakuwa dogo. Udongo mwekundu huu ukilowa haumsubiri mtu atoke. Na msitu ni hifadhi tangu 1997, ukikamatwa faini sina. Karafuu ya msimu huu ilishakwenda kwenye ada ya mdogo wako. Najua pesa uliyotarajia kutoka nyumbani hukuipata, na najua ndipo haya yalipoanzia. Hata hivyo usiende.

Baba yako maumivu ya mgongo yamepungua, anapalilia mwenyewe. Mdalasini tumeshamenya, umekauka vizuri. Ukipata mnunuzi hapo mjini muulize bei kabla hatujawauzia wanaopita na pikipiki. Mama yako mdogo anaidai ile ndoo yake kubwa, mrudishie.

Koki ya pipa la uani inavuja usiku kucha. Njoo Jumamosi uje na koki ya nusu inchi na tepu, ulale, Jumapili urudi kazini. Lakini la Zigi nijibu kabla hujapanda gari, nataka neno lako.

Mama yako,
Amani